Mwavuli Tulioukumbuka Kuwa Rungu

Mwalimu wetu wa saikolojia hakuruhusu mtu aseme "nakumbuka" akapita hivi hivi. Ungesema unakumbuka uliacha kitabu dirishani, naye angesimama, kidole juu, akuulize: unakumbuka kukiacha, ama unakumbuka kwamba huwa unakiacha hapo? Ukijibu haraka umekwisha. Ukinyamaza, angetabasamu na kukuambia kwamba angalau wewe ni mkweli. Siku moja nilimwambia nakumbuka somo fulani alilotufundisha Jumanne, akanifuata hadi mlangoni akitaka nithibitishe kwamba ilikuwa Jumanne kweli. Ilikuwa Alhamisi.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kidogo cha ualimu upande wa Kajiado, cha mtu binafsi, ambacho siku hizi kimegeuzwa stoo ya simiti. Sisi tulikuwa vijana waliokosa alama za kuingia vyuo vya serikali, na walimu wetu wengi walitufundisha kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye kazi nzuri zaidi. Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, mrefu, mwenye koti la kijivu lililotiwa viraka viwikoni, na kila asubuhi aliingia darasani kwa haraka ya mtu aliyeitwa kuzima moto. Sifa hakuzitoa. Ukipata jibu sahihi alisema "endelea", basi, na tulilipigania hilo neno "endelea" mpaka aibu.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa msahaulifu wa ajabu. Alisahau chaki mfukoni mpaka ikasagika, akaenda nayo kanisani, akainuka kutoka kwenye kiti na matako meupe. Alisahau mwavuli katika kila chumba cha chuo. Jumapili moja alimsahau mke wake kanisani, akafika nyumbani, akapika chai ya watu wawili, ndipo akajiuliza ya pili ni ya nani. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, aliisimulia habari hiyo kwa hasira na kicheko pamoja. Mwalimu alijitetea kwamba ubongo wake ni ofisi yenye faili zote, ila karani ametoka kidogo. Katika mfuko wa shati alikuwa na kijitabu chembamba na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila jambo aliliandika humo papo hapo. Kwa hiyo mambo yalipoanza kuharibika kweli miaka ya baadaye, hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tumezoea.

Somo la seli za neva alilifundishia nje, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya bweni. Alitupanga mstari, watu thelathini na kitu, tumeshikana mikono. Kila mmoja wenu ni seli, akasema. Ukibanwa mkono wa kushoto, bana kwa wa kulia. Usifikiri, usimtazame mwenzako, bana tu. Alimbana wa kwanza, akakodolea saa yake macho, na wa mwisho akaita ujumbe ulipomfikia. Tulirudia mara nyingi, tukawa wepesi, tukaanza kujisikia. Ndipo akatutenganisha, hatua moja kati ya mtu na mtu, akampa wa kwanza punje ya hindi na kutuambia tuipitishe bila kusogea. Punje zilianguka vumbini moja baada ya nyingine, na sisi tukaanza kulaumiana.

Aliacha tulaumiane kwanza. Kisha akaeleza kwamba kichwani seli hazishikani mikono kama tulivyodhani. Kati ya moja na ya pili kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe hauuvuki mpaka kitu kitoke huku kipokelewe kule. "Hapo kwenye mwanya ndipo mambo mengi yanafia," alisema. "Mtu anaweza kuwa na neno zuri kabisa ndani yake, lisivuke." Akaongeza kwamba njia inayopitwa mara nyingi hupanuka, na akatuonyesha kwa kidole vijia vya ng'ombe vilivyokatiza tambarare ng'ambo ya ua. Ng'ombe wakipita mahali mara mia panakuwa njia, akasema, hata kama yale maji waliyokuwa wakiyafuata yalishakauka. Niliandika sentensi hiyo daftarini kwa sababu ilinipendeza. Maana yake sikuijali.

Lakini somo lililompa jina chuoni lilikuwa la mzee wa kengele. Mwalimu alikuwa na rafiki yake, mzee wa Kimaasai aliyeuza mbuzi mnadani Kajiado, na siku hiyo alimwomba aje bila sisi kujua. Tulikuwa tukinakili kutoka ubaoni. Mlango ukafunguliwa, mzee mwenye shuka nyekundu akaingia, akatembea taratibu hadi mezani, akachukua kengele ya chuo, akatutazama wote kwa zamu, akatoka. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni. Baada ya dakika kadhaa akageuka, akatuambia tuandike tulichokiona. Kuna mmoja aliyeinama kumnong'onezea mwenziwe, na Mwalimu akapiga meza.

"Andika kabla hujaongea na jirani," alisema. "Mkishaongea mtakuwa na kumbukumbu moja ya kijiji kizima."

Niliandika ukurasa mzima na nusu, maana mimi nilijiona mtu wa macho makali. Niliandika kwamba mzee alishika rungu mkono wa kulia, na kwamba kichwa cha rungu kilikuwa cheusi, kinang'aa kwa mafuta. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika rungu. Wengine waliongeza sime kiunoni. Mwalimu alipomaliza kutusomea karatasi hizo, alifungua mlango, na mzee akaingia tena, kengele mkono mmoja na mkono wa pili mwavuli mweusi uliokunjwa. Tulibisha. Mimi ndiye niliyebisha kuliko wote, nikasema amebadilisha huko nje. Mzee alicheka mpaka akaomba kiti. Kisha kicheko kikamwisha, akatutazama.

"Nyinyi hamkuona mimi," alisema. "Mliona Maasai."

Mwalimu akamwomba naye aseme alichokiona, na mzee akamwonyesha kwa kidole msichana aliyevaa saa, mvulana aliyekuwa akisinzia, na mimi, akisema kwamba nilikuwa nikitafuna kalamu. Alieleza kwamba jioni mifugo ikiingia boma hahesabu, anatazama sura ya kila mnyama, na sura isiyokuwepo inajionyesha yenyewe. Katika darasa letu mtu mmoja tu alikuwa ameandika mwavuli. Alikuwa msichana wa kutoka Magadi, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha magadi na walikaa nyumba za kampuni huko kwenye joto. Alikuwa Mmaasai, mkimya, aliyevaa bangili ya shanga hata na sare ya chuo. Mwalimu alimwambia "endelea". Nilisikia vibaya. Sitaficha hilo.

Sasa niseme upande wake mwingine, maana nikiishia hapo nitakuwa nimemdanganya msomaji. Mwalimu alikuwa simba mbele yetu, na mbele ya mkuu wa chuo alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulimwona akiitwa ofisini. Alivua kofia akiwa bado uwanjani, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mabega yakashuka. Aliishi nyumba ya chuo, wanawe walisoma shule ya karibu, na mkuu alijulikana kwa kufukuza walimu kwa barua ya mistari miwili. Katika mikutano Mwalimu aliandika kijitabuni mambo aliyopaswa kuyasema, kisha akafunga kijitabu. Mama aliwahi kumwambia mbele yangu kwamba ujasiri wake wote unaishia ubaoni. Aliinamisha kichwa na kuendelea kula.

Muhula wetu wa tano, karatasi za mtihani wa majaribio zilipotea kutoka ofisi ya naibu wa mkuu. Bahasha nzima haikuonekana. Siku hiyo saa nne, wakati wa chai, mimi nilikuwa kwenye mfereji wa maji nikisuuza kikombe, na kwa mbali, ng'ambo ya uwanja, nilimwona msichana wa sweta ya kijani akitoka upande wa ofisi hiyo. Nilimwona mgongo. Sweta ya kijani ndiyo sare yetu sote. Nilipowaambia wenzangu bwenini, mmoja akauliza kama hakuwa yule wa Magadi, maana hakuonekana kwenye chai. Nikasema inawezekana. Mwingine akauliza kama niliona bangili. Kufikia jioni niliiona bangili, nyekundu na nyeupe, ikimeta mkononi wakati akivuta mlango. Naiona mpaka leo.

Sikusema uongo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba mbele ya kamati ya nidhamu sikuwa nikisema uongo. Kamati ilikuwa mkuu, naibu wake, mhasibu, na Mwalimu aliyekaa karibu na dirisha, kijitabu kimefunguliwa gotini. Nilieleza yote, na bangili nikaieleza. Msichana wa Magadi alisema alikuwa amelala chumba cha wagonjwa na hakuna aliyekuwa naye. Kisha akanigeukia.

"Uliniona uso?"

"Nilikuona wewe," nikajibu.

Nilimtazama Mwalimu. Nilitaka aseme "endelea", mjinga mimi. Alikuwa ameshika kalamu na haandiki. Mtu huyo mmoja katika chumba kile ndiye aliyekuwa na karatasi yangu ya rungu kwenye kabati lake, ndiye aliyejua macho yangu yana thamani gani, na swali moja tu lake lingetosha kunitoa jasho. Mkuu akauliza kama kuna mjumbe mwenye la kusema. Mwalimu akafunga kijitabu. Msichana alifungasha sanduku siku hiyo hiyo, na baba yake akaja kumchukua akiwa bado na buti za kazi zenye vumbi jeupe la magadi. Hakumgombeza. Alibeba sanduku, akatutazama sisi tuliosimama barazani, akatuaga kwa heshima.

Miezi baadaye ofisi za chuo zilipakwa rangi. Mafundi walipovuta kabati la naibu, bahasha ya mitihani ilikuwa nyuma yake, imeangukia ukutani, bado imefungwa. Hapakuwa na mwizi. Habari hizo zilizunguka chuo kwa siku mbili, kisha zikazimwa. Mkuu alisema yaliyopita yamepita na asisikie mtu akichokonoa. Barua ya kumrudisha msichana haikuandikwa, au kama iliandikwa haikutumwa. Wiki hiyo Mwalimu aliniita ofisini kwake, akafungua kabati, akanipa ile karatasi yangu ya zamani. Neno rungu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, mistari miwili, wino mpya. Niliikunja, nikatoka. Nilimchukia wiki nzima kwa sababu ya mstari wa pili, ambao niliusoma kuwa wa bangili.

Nilimaliza, nikapata kazi shule moja ya msingi Kitengela, na miaka ikaenda. Niliolewa, nikapata watoto, nikawa mwalimu ninayesifiwa kwa kutowaadhibu wanafunzi kabla ya kusikiliza. Wazazi wanadhani ni upole. Kutoka kwa mwanafunzi mwenzetu nilisikia kwamba msichana wa Magadi hakurudi shule kabisa. Aliolewa Kimuka, anafuga ng'ombe, anapeleka maziwa Ngong. Kutoka Kitengela mtu akitoka asubuhi anafika Kimuka kabla ya chakula cha mchana. Nilipanga kwenda likizo ya Aprili. Baadaye nikapanga ya Agosti, kisha Desemba kulikuwa na ubatizo.

Nilikutana na Mama sokoni Kitengela, akichagua nyanya za Loitokitok. Alikuwa amekonda. Aliniambia walinunua ploti huku baada ya Mwalimu kustaafu, nyuma ya kanisa la mabati ya buluu, na kwamba Mwalimu ni mgonjwa wa kusahau.

"Njoo umwone," akasema. "Lakini usitegemee akujue."

Nyumba ilikuwa na karatasi kila mahali. Mlango wa choo uliandikwa choo, kabati la vikombe liliandikwa vikombe, kwa mwandiko wa Mama. Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa umeisha, alinieleza, kalamu anaishika lakini haiendi. Akitoka nje anapotea, na kusema kweli kosa si lake lote. Kitengela ya miaka hii haimngoji mtu. Ukijifunza kukata kona penye mti wa miiba, mwezi ujao mti haupo, kuna ghorofa. Mara tatu majirani walimrudisha kutoka uwanda ulio wazi kuelekea mbugani, akiwa amekumbatia kofia kifuani, akisema anaitwa na mkuu.

Alinikaribisha kwa adabu kubwa. "Karibu mama," alisema, mimi niliyeketi mbele yake miaka miwili. Viraka vya viwikoni vilikuwa vile vile. Tulikunywa chai. Mama alipotoka kwenda kuanua nguo, aliinama kwangu kama mtu mwenye siri.

"Kuna msichana nilimkosea," akasema. "Wa Magadi. Nilisimama mbele ya kamati nikasema nimemwona. Sikumwona. Niliona sweta."

Niliweka kikombe chini. Kosa lake yeye lilikuwa kunyamaza, na hilo lilikuwa limeshamtoka. Mahali pake palikuwa pamekaa langu, zima, mpaka na sweta. Alikuwa akilibeba tangu lini, sijui. Mama aliniambia baadaye kwamba hulia kwa ajili ya huyo msichana karibu kila siku, na yeye Mama hajawahi kuelewa ni nani.

"Si wewe, Mwalimu," nikamwambia. "Ni mimi niliyesema. Wewe ulinyamaza."

Alinisogelea, akanitazama usoni. Nadhani hapo alinijua, ingawa najua yeye angeniuliza nimejuaje.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Basi neno halijavuka," akasema, na uso wake ukatulia kidogo. Mimi nikavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelitoa neno hilo mdomoni mbele ya mtu. Sikuwa nimemaliza chai yangu alipoinama tena, akashusha sauti, akaniambia kuna msichana alimkosea, wa Magadi.

Nimekuwa nikienda kila Jumamosi tangu wakati huo. Kila Jumamosi anajishtaki, namwambia si yeye ni mimi, ananiuliza kama nimemwambia, nasema bado. Wakati mwingine mara nne kwa kikao kimoja. Jumamosi moja nilimkuta vibaya sana, amejikuna mikono mpaka damu, na alipouliza nilichoka. Nikasema ndiyo, Mwalimu, nimemwambia.

Saikolojia haikumwacha hata hapo. Akataka ushahidi. Alisemaje? Nikamwambia nilimkuta langoni kwake na mtungi wa maziwa, alininyamazia kwanza, kisha akanipa kigoda, akanipa chai, akasema yameisha. Mwalimu alilia taratibu, akalala mchana wote, na Mama akanishukuru. Basi wiki iliyofuata nikasema tena hivyo hivyo. Yeye huongeza swali kila mara. Kikombe kilikuwa cha rangi gani? Cha bati, cha buluu. Mvua ilikuwa inanyesha? Manyunyu tu. Bado anavaa bangili? Anavaa.

Juzi nilikuwa nikisahihisha madaftari ya darasa la sita, kichwa kikiwa mbali, nikakikumbuka kile kikombe cha buluu. Nilikumbuka kilivyobanduka rangi ukingoni, hapo mdomo unapogusa, na harufu ya moshi kwenye maziwa. Jambo la kubanduka sikuwahi kumwambia Mwalimu. Nikasikia moyo umekuwa mwepesi, wepesi wa mtu aliyesamehewa, nikatabasamu peke yangu pale mezani. Ilinichukua muda, dakika nzima hivi, kabla sijaiacha kalamu kwa hofu.

Leo ni Jumamosi, na Mwalimu ananingoja bila kujua ananingoja. Nimekaa kwanza niandike kabla sijaongea naye, kwa mkono wangu, kwa wino. Sikuona uso. Sikuona bangili. Hakuna kikombe cha buluu. Sijawahi kufika Kimuka.